Meneja mwema anavyokaa kimya: maadili ya kazini yanatoka wapi na yanapotelea wapi

Niliwahi kuwa supavaiza wa magari kwenye kampuni moja ya usafirishaji hapa Dar, kazi yangu kupanga malori ya Tunduma na yale yanayovuka mpaka, na kila asubuhi saa moja na nusu bosi ananipigia, swali ni lilelile, magari yamefika wapi. Basi. Miaka miwili sikumbuki hata siku moja kuulizwa dereva kalala wapi au kalala masaa mangapi, na kwa vile mi sikuulizwa na mimi sikuuliza, usiku saa tisa namtumia dereva meseji "umefika wapi kaka" najiona mchapakazi kweli. Sasa mimi ni mtoto wa mwalimu, madrasa nimekhitimu msahafu, nyumbani tumelelewa kwamba roho ya mtu ni amana, na bado kwenye lile daftari langu la magari kulikuwa na safu ya mafuta, safu ya mizani, safu ya posho, safu ya usingizi hamna.

Naanza na hilo kwa sababu mada ya maadili ya mameneja huwa tunaiongelea kama habari za watu wabaya tu, mpigaji wa teni pasenti, bosi anayetaka rushwa ya ngono, mtu wa manunuzi mwenye kampuni yake kwa jina la shemeji. Wapo wengi tu sibishi, ila hao wanajua wanachofanya, hawahitaji kuelezwa kitu, wanahitaji kukamatwa. Anayenitatiza mimi ni yule wa pili, meneja mwenye heshima zake, anayesali, asiyegusa hata peti keshi, ambaye chini yake watu wanaumia na yeye analala usingizi mzuri kabisa. Huyu inakuwaje?

Kuna Mmarekani anaitwa Dennis Gioia, stori yake ningekuwa na uwezo ningeifanya lazima kwa kila anayepandishwa cheo. Enzi za chuo alikuwa kijana wa kupinga vita ya Vietnam, anaamini makampuni makubwa yana mambo ya hovyo na dawa ni kuingia humohumo ukayabadilishe ukiwa ndani. Akaajiriwa Ford mwaka 1972, na mwaka uliofuata akapewa kiti cha kuratibu magari yenye kasoro yaitwe yarudishwe kutengenezwa. Yaani ukitaka mtu wa maadili kwenye kiti cha maadili ndo huyo hapo, ofisi nzima imewekwa kwa ajili ya usalama wa watu na aliyekalia ni mwanaharakati.

Wakati huo Ford wanauza gari dogo la bei poa linaitwa Pinto. Tangi la mafuta lilikaa nyuma kabisa, na likigongwa kwa nyuma hata kwa spidi ya kawaida tangi linaweza kupasuka, mafuta yanamwagika, gari linawaka na watu ndani. Ripoti zikaanza kuingia mojamoja. Gioia mezani kwake ana kampeni karibu mia moja za kurudisha magari zinaendelea kwa mpigo, na mafaili mengine ya matatizo yanayochipua, kwahiyo kama mtu yeyote mwenye kazi nyingi alikuwa na njia ya kuchambua, anatafuta vitu viwili tu, tatizo linajirudia mara nyingi? Au kuna kifaa kinachoonekana wazi kwamba ndicho kilichokufa? Pinto haikuwa na kimojawapo, ajali zenyewe chache na hakuna kifaa kilichokatika, gari limegongwa, limeungua. Siku moja aliliona moja lililoungua kwa macho yake, likamshtua mpaka akalipeleka kwenye kikao. Wakajadili, wakapiga kura, wote wakasema tusilirudishe, na yeye kura yake ikiwemo. Ford walikuja kuyaita magari karibu milioni moja na nusu mwaka 1978, yeye kashaondoka kitambo.

Hapa niweke sawa jambo moja maana linasambazwa vibaya. Mnaijua ile hesabu maarufu eti Ford walikaa wakapigia hesabu roho za wateja wa Pinto kwa dola laki mbili kila moja wakaona ni nafuu waungue tu? Ile karatasi ipo kweli, ila ilihusu magari yote ya Marekani na moto unaotokea gari likipinduka, iliandaliwa kwa ajili ya serikali, na ile bei ya roho ilikuwa ya mamlaka ya usalama barabarani yenyewe. Siwatetei Ford. Nasema tu tukiikumbatia hiyo stori ya mashetani wenye kalkuleta tunakosa ile inayotisha zaidi, ya Gioia, ambaye hakuwa shetani na hakushika kalkuleta.

Maana sikilizeni hii. Gioia mwenyewe alikuwa anaendesha Pinto. Na alipotaka kuliuza, alimuuzia dada yake.

Mtu anayeficha hatari anayoijua hamuuzii dada yake. Alikuja kuandika haya yote mwenyewe mwaka 1992, akiwa profesa wa menejimenti, na maelezo yake ni kwamba kichwa cha mtu aliyezoea kazi kinatembea kwa mchezo ulioshapangwa. Ni kama ukiingia kwa mama ntilie, hufikirii, unanawa, unaagiza, unakula, unalipa, unatoka. Mchezo wa ofisi yake ulikuwa na mistari ya idadi na vifaa, haukuwa na mstari wa "hapa tunaamua nani aungue", kwahiyo hilo swali halikuwahi kumfikia likiwa swali la maadili, lilimfikia likiwa faili kati ya mafaili. Alivyokuwa anapinga vita maadili alikuwa nayo, na alivyokuwa profesa alikuwa nayo, pale katikati hayakupata mlango wa kuingilia.

Wanaosoma haya mambo wana namna ya kuyapanga iliyonisaidia sana. Mwanasaikolojia James Rest, Mmarekani pia, miaka ya 1980 alisema tendo la kimaadili lina vipande vinne ndani yake, na kimoja kikikosekana hamna kitu. Kwanza uone kwamba hapa pana jambo la kimaadili na kuna mtu litamgusa. Pili upime lipi ndo sahihi. Tatu ulitake hilo sahihi kuliko vingine unavyovitaka, maana na bonasi unaitaka, na amani na bosi unaitaka. Nne uwe na ubavu wa kulifikisha mwisho hata ukinuniwa. Sasa kumbuka semina yoyote ya maadili uliyowahi kukaa, na chai ya saa nne na sambusa zake. Yote ilikuwa kipande cha pili si ndio? Wanakupa kisa, fulani kapewa bahasha afanyeje, na wote mnajibu vizuri, kwa sababu kisa kimeshaandikwa "hiki ni kisa cha maadili" juu yake. Kazini hakuna anayekuandikia hivyo juu ya faili.

Na kitu cha kwanza kinachofunga macho ni haraka. Mwaka 1973 watafiti wawili, Darley na Batson, walichapisha jaribio walilowafanyia wanafunzi wa chuo cha theolojia kule Princeton. Wanafunzi wakaambiwa waende jengo la pili wakatoe hotuba fupi, baadhi yao hotuba ilikuwa juu ya Msamaria Mwema kabisa, afu njiani wakawekewa mtu amejikunyata mlangoni anakohoa na kugugumia. Ambao hawakuwa na haraka, 63 katika kila 100 walisimama kusaidia. Walioambiwa wameshachelewa, 10. Na kwenda kuhubiri Msamaria hakukuleta tofauti ya maana, wengine walimruka yule mgonjwa wakiwahi kwenda kumsifia Msamaria. Mi hii huwa naisoma nacheka alafu nanyamaza, kwa sababu naikumbuka ile "umefika wapi kaka".

Kitu cha pili ni cheo chenyewe. Usiku wa tarehe 27 Januari 1986 mainjinia wa Morton Thiokol, kampuni iliyokuwa inatengeneza roketi za kusukuma chombo cha anga cha Challenger, walikuwa kwenye simu na NASA, shirika la anga la Marekani, wakisema msirushe kesho, baridi imezidi, zile ringi za mpira zinazoziba maungio zinakakamaa. Kiwango walichosema ni nyuzi 53 za Farenhaiti, kama 12 za Selsiasi hivi, chini ya hapo hawana uhakika. NASA wakakasirika. Thiokol wakaomba simu ikatwe kidogo wajadiliane, na kwenye huo mjadala bosi mmoja, Jerry Mason, akamgeukia makamu wa rais wa uinjinia, Bob Lund, akamwambia avue kofia ya uinjinia avae kofia ya umeneja. Lund akavaa. Wakarudi kwenye simu wakasema rusheni. Sekunde 73 baada ya kuruka chombo kilisambaratika, watu saba wakafa.

Watu wanapenda hiyo sentensi ya kofia, lakini kuna kilichotangulia ambacho ndo kiini. Siku zote utaratibu wa kurusha ulikuwa mhandisi athibitishe kwamba ni salama. Usiku ule swali likapinduka bila mtu kutangaza kwamba limepinduka, wakawa wanadaiwa wathibitishe kwamba chombo kitaharibika, na hilo usingeweza kulithibitisha kwa takwimu walizokuwa nazo. Mtu yuleyule na takwimu zilezile, swali likibadilika jibu linabadilika. Ndo maana siku hizi nikitaka kumjua meneja simuulizi anaamini nini, nasikiliza anauliza nini.

Sasa tunarudi kwenye yanakotoka. Wengi watakwambia nyumbani na kwenye dini, na ni kweli msingi uko huko, ila kuna mwalimu mmoja huwa hatumtaji, bosi wako wa kwanza. Wangu alikuwa mama mmoja mhasibu. Karibu na Iddi saplaya alimletea mbuzi pale ofisini, mbuzi mnene haswa, na mimi kijana mpya natazama hapa itakuwaje. Mama hakumfukuza saplaya, hakutoa hotuba. Akaita mtu, mbuzi akachinjwa nyuma ya stoo, nyama ikagawiwa mafungu sawa wafanyakazi wote mpaka mlinzi wa usiku, na kwenye daftari la ofisi akaandika mbuzi mmoja kutoka kampuni fulani, tarehe fulani. Saplaya akapata fungu lake pia. Miaka baadaye nikawa nasoma Katiba ya Kenya ya 2010, ibara ya 76, inasema zawadi anayopewa afisa wa serikali kwenye shughuli ya umma ni zawadi kwa Jamhuri, nikasema kumbe huyu ndo mbuzi wa mama. Alichonifundisha hakikuwa "zawadi ni mbaya", maana kwetu kukataa zawadi ni tusi. Alinifundisha kwamba zawadi ikishaonwa na wote haina tena nguvu ya kumfunga mmoja.

Na mwalimu mwingine, huyu mkali kuliko wote, ni tageti. Benki ya Wells Fargo Marekani ilikuwa na wimbo wake kwamba kila mteja awe na bidhaa nane za benki. Kwa Kiingereza nane inatoa vina na neno la kusifia, kwahiyo ilikuwa inapendeza mdomoni. Huku chini wafanyakazi wa matawi wanabanwa kila siku, kwahiyo wakawa wanafungulia wateja akaunti ambazo wateja wenyewe hawajui. Mwaka 2016 benki ikapigwa faini za dola milioni 185, na ikasema imeshafukuza watu kama 5,300 kwa mchezo huo. Wengi wao watu wa ngazi za chini. Watu elfu tano hawaamki asubuhi moja wote wamekuwa wezi jamani. Na benki ilikuwa na kitabu chake kizuri cha maadili, kama Enron, kampuni ya nishati ya hukohuko Marekani, nao walivyokuwa nacho, kurasa zaidi ya 60, uadilifu na heshima vimeandikwa humo, na mwaka 1999 bodi ikapiga kura kabisa kuweka kando hizo kanuni ili ofisa mkuu wa fedha aendeshe kampuni zake za pembeni zinazofanya biashara na Enron hiyohiyo. Disemba 2001 wakafilisika.

Huku kwetu kuna fundo lingine ambalo vitabu vya kigeni vinalipitia juujuu, undugu. Umekuwa meneja, wiki ya pili mjomba anapiga simu, kuna dogo kamaliza chuo, na huyo mjomba ndo alikulipia ada ya kidato cha tano. Ukiambiwa hapo ni rahisi tu, kataa, ujue anayekwambia hajawahi kulipiwa ada na mjomba. Kumsaidia ndugu ni wema na deni lipo kweli. Kosa linaingia pale unapolipa deni lako kwa kiti ambacho si chako, na anayeumia ni kijana mwingine aliyeleta barua yake bila kumjua mtu, ambaye humuoni. Tena ni kilekile kipande cha kwanza, mjomba ana sura na sauti, huyu mwingine ni bahasha. Nilichoona kinafanya kazi ni kusema mapema, mbele ya watu, huyu ni ndugu yangu, usaili wake sikai. Kwa lugha ya maofisa ni kutangaza mgongano wa maslahi, na kwa dogo mwenyewe ni hisani, maana akiipata hakuna wa kumnong'ona.

Na tusijifanye hili wazo limeletwa na wafadhili. Mwana TANU alikuwa anaahidi kwamba cheo ni dhamana, hatatumia cheo chake wala cha mwingine kwa faida yake. Azimio la Arusha la 1967 likaongeza miiko: kiongozi asiwe na hisa kwenye kampuni, asiwe mkurugenzi wa kampuni binafsi, asipokee mishahara miwili, asiwe na nyumba ya kupangisha. Na wakubwa wa mashirika ya umma walikuwemo humo, na watumishi wa kada ya juu na ya kati. Kinachonivutia, aliyeandika hakuuamini moyo wa mtu hata kidogo, hakusema "kiongozi awe mwaminifu", alitaja nyumba ya kupangisha. Na akaongeza kwamba kiongozi ni mtu na mke wake, au mtu na mume wake, yaani ile njia ya kuandikisha kwa jina la mama watoto ilishaonwa kabla haijatumika. Mwaka 1991 kule Zanzibar CCM wakailegeza hiyo miiko, na mi sisemi irudi yote, mtu kumkataza nyumba ya kupangisha leo utamwambia ale nini uzeeni. Ila namna ile ya kufikiri, ya kutaja kitu chenyewe, ndo inakosekana kwenye vitabu vyetu vya "tunathamini uadilifu".

Upande wa kuyatumia maadili siku ya siku, mfano unaotajwa kila mahali ni kampuni ya dawa ya Marekani, Johnson & Johnson, na safari hii unastahili. Mwaka 1982 watu saba eneo la Chicago walikufa baada ya kumeza vidonge vya Tylenol ambavyo mtu alivitia sianidi. Kampuni ikarudisha chupa kama milioni 31 nchi nzima, thamani yake zaidi ya dola milioni 100. Wanasema ni kwa sababu ya tamko lao la mwaka 1943 linaloweka wagonjwa na madaktari mbele na wenye hisa mwisho. Mi naona tamko peke yake lisingefanya kitu, hata Enron walikuwa na lao. Tofauti ni kwamba miaka michache kabla, bosi wa kampuni, James Burke, aliwaita mameneja wakubwa akawauliza, hii karatasi tunaiamini au tunajidanganya, kama hatuiamini tuibandue ukutani. Wakabishana haswa. Kwahiyo siku sumu ilipotokea hawakuwa wanalisoma lile swali kwa mara ya kwanza, mchezo wa kichwani ulikuwa na huo mstari tayari. Na halikai milele hilo, kampuni hiyohiyo miaka ya karibuni imeburuzwa mahakamani kwa poda ya watoto na kwa dawa kali za maumivu.

Bado kuna kipande cha nne, ubavu, na hapa Afrika Mashariki jina ni David Munyakei. Karani kijana Benki Kuu ya Kenya, akaona kampuni moja inaitwa Goldenberg wanalipwa mapesa ya fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi, na Kenya almasi hamna. Nyaraka zikawafikia wabunge wa upinzani. Alikamatwa, kesi ikaisha, kazi hakurudishiwa, akafariki 2006 akiwa maskini. Sheria za kulinda watoa taarifa zimekuja, Tanzania ni ya mwaka 2015, lakini mfanyakazi wako hasomi sheria, anaangalia yule aliyesema mara ya mwisho ofisini kwenu yuko wapi sasa hivi. Kama alihamishiwa stoo ya Kibaha, sanduku lako la maoni litabaki na vumbi.

Nilipohamia kampuni nyingine, ndogo zaidi, niliongeza ile safu. Kalala wapi, kuanzia saa ngapi mpaka saa ngapi. Wiki ya kwanza madereva wote waliandika masaa nane kamili, wakiwemo wawili ambao jipiesi inaonyesha tangu Makambako hawajazima gari, na sikuwalaumu, posho ilikuwa bado inalipwa kwa safari, ukilala unakula hela yako mwenyewe. Ikabidi tugombane na bosi kuhusu posho kwanza, miezi minne hiyo. Na simu yangu ya asubuhi nikaanza kuibadilisha, siku ya kwanza nampigia mzee mmoja yuko mizani ya Vigwaza, miaka ishirini barabarani, nikamuuliza mzee umelala wapi jana. Akakaa kimya kidogo.

"Kwani bosi, nimefanya kosa gani?"